Kijana ana miaka 16, kiwiko kinamuuma, na makocha wa vyuo wanakuja kutazama

Swali: Tunaishi karibu na Dallas, Texas. Mwanangu ana miaka 16 na mwezi Agosti ataingia darasa la 11. Anacheza besiboli, ni mrushaji wa mkono wa kulia, yaani ndiye anayemrushia mpigaji mpira, na siku asiporusha huwekwa kulinda kati ya besi ya pili na ya tatu, vile vituo ambavyo mpigaji hukimbilia. Kasi yake ni maili 82 kwa saa. Timu yake ya kusafiri, iliyo nje ya shule, imejiandikisha katika mashindano manne mwezi Juni na Julai, mawili yakiwa Georgia, ambako tunaambiwa makocha wa vyuo hujaa. Tumekwisha kulipa sehemu ya gharama. Tangu Machi analalamika kwamba kiwiko kinamuuma upande wa ndani baada ya kurusha, kisha kinatulia baada ya siku mbili tatu. Kocha anasema ni uchovu wa kawaida, na kwamba akikosa mashindano haya atasahaulika. Jirani ametushauri programu ya wiki sita ya kurusha mipira mizito ili aongeze kasi kabla ya Julai. Pia vyuo vitatu vimemwandikia kwa jina lake vikimwalika kwenye kambi zao. Mimi na mama yake tumekulia Tanga, tulijua soka tu. Tumwandae vipi?

Jibu: Ndugu yangu, nimeisoma barua yako na nimeona mzazi aliyebanwa pande mbili. Upande mmoja kuna pesa iliyokwisha kutolewa na kocha anayesema kwamba nafasi haingoji, na upande wa pili kuna mtoto anayerudi nyumbani ameshika kiwiko. Nitaanza na kiwiko, na nitakaa hapo kwa muda, kwa sababu mengine yote uliyouliza yanategemea hali yake. Kijana wako asirushe mpira tena, hata mazoezini, hata polepole, mpaka apimwe na daktari wa tiba ya michezo au wa mifupa ambaye amezoea kuwaona warushaji wa umri wake.

Nasema hivyo bila kumdharau kocha wake. Uchovu wa kawaida upo, na kila mrushaji anaujua: misuli ya bega la nyuma, ya mgongo na ya kigasha huwa mizito kesho yake, maumivu yanatawanyika, huwezi kuyaonyesha kwa ncha ya kidole, na kadiri siku zinavyopita mwili unazoea. Maumivu unayoyaeleza wewe ni ya namna nyingine. Yako mahali pamoja, upande wa ndani wa kiwiko, yanarudi kila anaporusha, na yamedumu tangu Machi. Kutulia kwake baada ya siku mbili tatu ndiko kunakowadanganya wazazi wengi, maana kinachotulia ni uvimbe wa juu, na chanzo chake kinabaki palepale kikingoja mchezo unaofuata.

Nguvu ya kurusha haitoki mkononi. Inaanzia mguuni, inapita kwenye nyonga na kiwiliwili, na mkono unaipokea mwishoni na kuipitisha kwenye mpira kwa muda mfupi mno. Katika sekunde hiyo ndogo, mkono unapopinduka nyuma kabisa kabla ya kwenda mbele, upande wa ndani wa kiwiko unavutwa kana kwamba unataka kufunguka. Kinachouzuia usifunguke ni kano fupi linalofunga mfupa wa mkono wa juu na mmoja wa mifupa ya kigasha, likisaidiwa na misuli inayoanzia hapo hapo. Kwa mrushaji mwenye kasi, mvuto huo hukaribia, na pengine hupita, kiasi ambacho kano lenyewe lingeweza kukihimili peke yake, kwa hiyo msaada wa misuli ni wa lazima. Misuli ikichoka, mzigo wote unaliangukia kano. Ndiyo maana utafiti wa warushaji vijana uliochapishwa mwaka 2006 na watafiti wa taasisi ya tiba ya michezo ya Birmingham, Alabama, uliona kwamba waliokuwa na kawaida ya kurusha huku mkono umechoka walijikuta katika kundi la waliofanyiwa upasuaji mara 36 zaidi ya wenzao, na waliorusha mashindanoni zaidi ya miezi 8 kwa mwaka mara 5 zaidi. Texas, ambako hali ya hewa inaruhusu besiboli karibu mwaka mzima, hilo la miezi si jambo la kupuuza.

Kwa mtoto wa miaka 16 kuna jambo la ziada. Mifupa yake huenda bado inakua, na mahali inapokulia ni gegedu laini ambalo ni dhaifu kuliko kano lililoshikamana nalo. Mtu mzima akivutwa sana huchanika kano, lakini kijana mara nyingi huumia pale kano linapojishika kwenye mfupa, na akiendelea kurusha kipande cha mfupa kinaweza kung'oka. Habari njema ni kwamba jeraha la namna hiyo likigunduliwa mapema mara nyingi huhitaji mapumziko tu, kwa kawaida wiki nne hadi sita bila kurusha kabisa, na baada ya hapo ratiba ya kurudi hatua kwa hatua, akianza na umbali mfupi, chini ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Likichelewa, mazungumzo hubadilika. Upasuaji wa kano la kiwiko, ule uliofanywa kwa mara ya kwanza na Dkt. Frank Jobe mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John, umewarudisha wengi uwanjani, lakini mrushaji humaliza mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu kabla ya kurudi mchezoni. Nimewasikia wazazi wakidai kwamba upasuaji huo huongeza kasi. Hauongezi. Kijana anayeonekana kurusha kwa nguvu zaidi baada yake ni yule aliyefanya mazoezi ya mwili kwa mwaka mzima bila kucheza, na angeweza kuyafanya mazoezi hayo bila kisu.

Ukipata nafasi ya daktari baada ya wiki mbili, ingoje, mradi tu mpira ubaki mfukoni. Lakini usingoje ikiwa kijana alisikia kitu kikikatika wakati wa kurusha, ikiwa hawezi kuunyoosha mkono sawasawa na ule mwingine, ikiwa kidole cha mwisho na cha pete vinakufa ganzi, au ikiwa maumivu yanamwamsha usiku. Hayo yanataka daktari siku hiyo au kesho yake. Na tafadhali asipewe vidonge vya kutuliza maumivu ili aweze kucheza, kwa sababu dawa hunyamazisha kengele na kuuacha moto ukiwaka.

Hapo unaona kwa nini programu ya mipira mizito haina nafasi katika majira haya. Siipingi kwa chuki. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia warushaji wa umri wa miaka 13 hadi 18 kwa programu kama hiyo ya wiki sita, na kasi yao kweli iliongezeka kwa asilimia 3.3. Kwa kijana wako hiyo ni takriban maili 2.7 kwa saa. Lakini asilimia 24 ya waliotumia mipira mizito waliumia mkono, na katika kundi lililoendelea na mazoezi ya kawaida hakuumia hata mmoja. Kijana mzima, aliyemaliza kukua, mwenye nguvu za kutosha na msimamizi anayempima kila wiki, anaweza kufikiria hatari hiyo wakati ambapo hakuna mashindano. Kijana mwenye kiwiko kinachouma, wiki chache kabla ya mashindano, hana la kufikiria.

Sasa nije kwenye hofu ya kusahaulika, kwa sababu nadhani ndiyo inayowanyima usingizi. Kwa sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani na kuvigawa vyuo katika madaraja matatu, zilizobadilishwa mwaka 2023, kocha wa chuo cha daraja la kwanza haruhusiwi kuzungumza na mchezaji wa besiboli kuhusu kumchukua, wala kumwandikia kwa nia hiyo, kabla ya tarehe 1 Agosti ya mwaka anaoingia darasa la 11. Anaweza kumtazama akicheza, lakini hawezi kumpigia simu wala kumpa ahadi. Kwa kijana wako tarehe hiyo inakuja baada ya mashindano yote manne kwisha. Bado ana msimu wa mashindano ya kupukutika kwa majani, ambao mwezi Oktoba humalizikia kwenye mashindano makubwa ya Jupiter, Florida, ana msimu mzima wa shule wa darasa la 11, na ana majira mengine ya joto kabla ya darasa la 12. Mrushaji aliyekosa Julai moja na kurudi mzima mwezi Oktoba hajasahaulika na mtu yeyote. Aliyerusha Julai maili 78 kwa sababu mkono unauma, mbele ya makocha ishirini wenye vipima kasi, ameandikwa kwenye madaftari ishirini kwamba anarusha maili 78.

Wazazi waliokulia kwenye soka huwaza kwamba skauti huja uwanjani kutembea, humwona mtoto mwenye kipaji, na kumchukua. Kwenye mashindano makubwa ya Georgia, kama yale yanayoandaliwa na kampuni ya Perfect Game, timu ni mamia na michezo huchezwa kwa wakati mmoja kwenye viwanja vingi. Kocha wa chuo hufika akiwa na orodha. Anakwenda uwanja fulani saa fulani kumtazama kijana fulani ambaye tayari amemsikia, ameiona video yake, au ametajiwa na mtu anayemwamini. Ajali njema hutokea, mmoja akaonekana wakati kocha amekuja kwa ajili ya mwingine, lakini huwezi kuipangia bajeti ya familia. Maandalizi ya mashindano, kwa hiyo, hufanyika zaidi kwenye dawati kuliko uwanjani: kijana awe kwenye orodha ya makocha wachache kabla ya kupanda gari.

Njia ya kuingia kwenye orodha hiyo ni barua pepe, na aiandike yeye mwenyewe. Makocha huitambua barua ya mzazi tangu mstari wa kwanza, na hawaipendi. Iwe fupi: jina lake, shule, mwaka atakaohitimu, urefu na uzito, mkono anaorushia na anaopigia, wastani wa alama zake darasani, sababu ya kweli ya kukipenda chuo hicho, ratiba ya michezo yake pamoja na namba ya jezi, na kiungo cha video ya dakika mbili. Video ya mrushaji ichukuliwe kwa nyuma na kwa ubavuni, ionyeshe kila aina ya mpira anaorusha, na isiwekwe muziki. Barua kama hizo zinaruhusiwa hata kabla ya Agosti 1; ni kocha ndiye anayezuiwa kujibu. Siku nne tano kabla ya mashindano aandike tena akitaja uwanja na saa anayotarajiwa kurusha, na akiwa hatarusha aseme hivyo. Kocha aliyepoteza asubuhi nzima kumngoja mrushaji asiyetokea hatamngoja mara ya pili.

Mialiko mitatu ya kambi mliyopokea isiwapandishe wala isiwashushe. Vyuo vinaruhusiwa kutuma matangazo ya kambi zao kwa wachezaji wa umri wowote, kompyuta huweka jina la mtoto mahali pake, na ada za kambi huchangia mishahara ya makocha wasaidizi. Hilo si udanganyifu, kwa maana kambi nzuri hufundisha na kocha hukutazama saa nyingi kwa ukaribu ambao mashindano hayatoi. Ila mwaliko wa kweli una alama zake. Kocha anataja kitu alichokiona, kama mchezo wa siku fulani au mpira fulani wa kupinda, au anampigia simu kocha wa timu yenu kuuliza habari zake. Barua isiyotaja chochote isipokuwa tarehe na ada ni tangazo.

Kuhusu maili 82, nitasema bila kupamba. Warushaji wengi wa mkono wa kulia wanaochukuliwa na vyuo vikubwa vya daraja la kwanza hukaribia maili 90 wanapomaliza sekondari, na wengine huzipita. Kijana wako ana miaka miwili ya kukua, na miili ya wavulana wa umri huo hubadilika kwa namna ambayo hakuna mtaalamu anayeweza kuitabiri, lakini kwa leo hayuko kwenye kundi hilo. Isitoshe, mlango wenyewe umekuwa mwembamba. Baada ya mahakama kuidhinisha, mwezi Juni 2025, makubaliano kati ya wanamichezo na NCAA, vyuo vilivyojiunga na mpango huo haviruhusiwi kuwa na wachezaji wa besiboli zaidi ya 34, na makocha wengi hupenda kuchukua mtu mzima wa miaka 21 anayehama kutoka chuo kingine kuliko kumlea mtoto wa miaka 18. Hata hivyo, daraja la kwanza lina vyuo karibu 300 tu vyenye besiboli. Nje yake kuna daraja la pili, daraja la tatu lenye vyuo vingi kuliko la kwanza, vyuo vya NAIA, ambacho ni chama kingine cha michezo ya vyuo, na vyuo vya miaka miwili ambavyo Texas vimejaa na vinacheza besiboli ya hali ya juu sana. Kijana wako anaweza kuanza mazungumzo ya kweli na baadhi ya hivyo tangu sasa. Orodha yake iwe na vyuo vya kila aina, vingi vikiwa vile ambavyo wachezaji wake wanafanana naye kwa kasi na umbo, jambo ambalo anaweza kulikagua mwenyewe kwenye tovuti za timu.

Pesa nayo haifanani na inavyosimuliwa barazani. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza kilikuwa na ufadhili kamili 11.7 wa kuugawa kwa timu nzima, kwa hiyo wengi walipata kipande. Ukomo huo umeondolewa kwa vyuo vilivyojiunga na makubaliano niliyoyataja, lakini si kila chuo kina pesa ya kuongeza. Daraja la tatu halitoi kabisa ufadhili wa michezo, na bado familia nyingi hulipa kidogo huko, kwa sababu chuo hutoa msaada kwa alama nzuri na kwa hali ya kipato. Kama mna ukaazi wa kudumu au uraia, jazeni FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa gharama za chuo, wakati wake ukifika. Saa moja ya hesabu jioni inaweza kumlipia zaidi kuliko saa moja ya kurusha. Na kabla ya yote mwendeeni mshauri wa masomo shuleni, mumwulize kama kijana yuko kwenye njia ya kukamilisha masomo 16 ya msingi ambayo NCAA inayadai kwa daraja la kwanza na la pili, kwa daraja la kwanza 10 kati yake yakiwa yamekamilika kabla ya kuanza darasa la 12. Nimeona vijana wenye mikono mizuri wakikwama hapo.

Daktari akimruhusu kurusha tena, daftari la mirusho liwe mikononi mwako. Miongozo iliyotolewa na ligi kuu ya Marekani pamoja na USA Baseball kwa umri wa miaka 15 na 16 inaweka kikomo cha mirusho 95 kwa siku. Akirusha 31 hadi 45 apumzike siku moja, 46 hadi 60 siku mbili, 61 hadi 75 siku tatu, na 76 au zaidi siku nne. Miongozo hiyo hiyo inataka asizidishe ininga 100, yaani vipindi 100 vya mchezo, kwa miezi 12 na apate angalau miezi minne kwa mwaka bila kurusha mashindanoni, miwili au mitatu kati yake ikiwa mfululizo na bila kurusha kabisa. Tatizo ni kwamba kocha wa shule huhesabu yake, kocha wa timu ya kusafiri huhesabu yake, na hakuna anayejumlisha. Hesabu pia siku anazolinda kati ya besi ya pili na ya tatu, kwa sababu ile mipira ya mbali anayoitupa kwenye besi ya kwanza kesho yake baada ya kurusha mirusho 80 ni mzigo kwenye kiwiko kile kile. Muombe kocha amweke besi ya kwanza siku hizo, au apige tu.

Mengine ya maandalizi ni mepesi na nitayapita haraka. Aimarishe miguu, nyonga na misuli ya nyuma ya bega, mara mbili au tatu kwa wiki, mwaka mzima. Hayo anaweza kuyaanza leo kiwiko kikiwa kimepumzika, daktari akikubali. Alale kwa muda wa saa nane hadi kumi kila usiku. Joto la Georgia mwezi Julai lina unyevu mwingi kuliko la Dallas, na ninyi wa Tanga mtautambua, kwa hiyo awe amezoea kufanya mazoezi juani kwa siku kumi hadi kumi na nne kabla ya kusafiri, na anywe maji tangu siku iliyotangulia. Akichanganyikiwa au kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, huo ni wakati wa kumtumbukiza kwenye maji ya barafu huku gari la wagonjwa likiitwa.

Kati ya mashindano manne, mimi ningeyafuta mawili ya Juni kwa namna yoyote ile na kuuliza kama ada inarudishwa. Ya Julai yasubiri neno la daktari. Akimkataza kurusha lakini akamruhusu kupiga, mnaweza kwenda moja kati ya hayo mawili ya Georgia ili aonekane akipiga na akikimbia, mradi awe amewaandikia makocha mapema kwamba harushi. Akimkataza yote, bakini nyumbani, na mlenge Oktoba.

Kuhusu kumwambia kocha wake, kijana aseme mwenyewe, wewe ukiwa umesimama karibu: kiwiko kinauma tangu Machi, nimepangiwa kumwona daktari tarehe fulani, sitarusha mpaka nipate ruhusa ya maandishi. Makocha wengi hulipokea hilo vizuri kuliko wazazi wanavyotarajia. Akikasirika na kutishia kumtoa kwenye timu, mwambieni asante na mdai salio la pesa yenu, kwa kuwa timu za kusafiri Dallas ni nyingi.